Mlango wa Sakafuni

Machi 4
Mvua imeanza leo asubuhi, bila ngurumo. Meneja wa ukumbi alipiga simu nikiwa bado na mswaki mdomoni. Paa limeshazibwa, anasema, sasa ni zamu ya sakafu ya jukwaa, na mvua zikikatika tutafungua tena mwisho wa Mei. Anataka tamthilia mpya na anaitaka kwangu. "Tuchekeshe, mama." Nikamwambia safari hii sichekeshi. Akaangua kicheko. Alidhani huo ndio mzaha wenyewe.

Nimenunua daftari hili kwa sababu ninao mchezo nilioanza, na sehemu ya tatu imenikwama. Mtu akishindwa kuandika, basi aandike kwamba ameshindwa, mkono usije ukasahau kazi.

Machi 5
Mvua. Hakuna kitu.

Machi 8
Mtangazaji wa redio ameniuliza nilianzaje. Nikampa ile hadithi ninayowapa wote. Nikiwa na miaka kumi na tisa niliingia jukwaani na sinia na maneno manne: "Chai iko tayari, bwana." Miaka mitatu nilibeba masinia. Baadaye wakanipa watu wa kuwalilia, halafu wake wakorofi, wachawi, na mwishowe malkia. Miaka kumi na miwili kwa jumla.

"Kwa nini uliacha kuigiza?"

"Miguu."

Akanipa pole, akadhani ni baridi yabisi. Miguu yangu haina ugonjwa. Ila siku moja, baada ya ile ajali, ukumbi ulikuwa umejaa na wenzangu wakaniita jukwaani mara tatu, nami nimeng'ang'ania pazia kama mtoto anayeng'ang'ania kanga ya mama yake. Miguu iligoma kukanyaga zile mbao. Ndipo nikaanza kuandika, maana mwandishi hukaa. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa jirani aliyeazima ngazi, akapanda, akakataa kushuka. Watu walicheka mpaka machozi. Nimeandika minne, yote ya kucheka, na sijakaa ndani kuutazama hata mmoja. Husimama nje karibu na dirisha la tiketi, nikisikiliza vicheko kupitia ukutani.

Machi 14
Meneja kamleta fundi wa sakafu. Ni yeye.

Sikumtambua mara moja. Kapungua, kichwa chote cheupe. Meneja anasema amezunguka mji mzima, na kila fundi aliyechungulia chini ya lile jukwaa alimwambia, "Hii kazi ya mwenyewe aliyelitengeneza." Kwa hiyo akamtafuta mwenyewe, miaka kumi na mmoja tangu wamfukuze.

Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Dada! Bado upo?" Nikasema bado nipo. Aliniangalia mdomo nilipokuwa nikisema. Uzee umemfika masikioni, maskini. Ukiongea naye kwa nyuma hageuki.

Machi 15
Kwa kuwa ameshafika, heri niliandike lile jambo nilimalize.

Katikati ya jukwaa letu kuna mlango wa sakafuni. Unafunguka kwa chini. Katika mchezo ule nilikuwa mzimu, na mzimu hutokea ardhini. Nilikuwa napanda ngazi kutoka shimoni, nikishatoka Fundi anaurudisha mlango juu kwa kamba, kisha anangoja ishara yangu: kisigino, mara mbili. Maana yake nimetoka, vazi halijanaswa, kaza komeo. Bila komeo mlango ule hukaa sawa kabisa kwa macho, lakini haubebi mtu.

Usiku ule nilipanda, nikapiga kisigino mara mbili, nikaenda mbele. Fundi hakukaza komeo. Rafiki yangu, tuliyemwita Chiriku kwa jinsi alivyokuwa na maneno, aliingia anakimbia, akapita palepale. Shimo lina kimo cha watu wawili. Alikaa hospitali siku tatu bila kufungua macho, siku ya nne tukamzika.

Ndivyo ilivyokuwa.

Machi 19
Mazoezi ya kwanza, kwa sehemu mbili zilizokwisha. Mwongozaji wetu tunamwita Profesa, ingawa shule alitalikiana nayo mapema. Mchezo ni huu: mwanamke anatumbukia kisimani kwa sababu mlinzi wa kisima hakukifunika, na rafiki wa marehemu anabaki na mlinzi yule uani, wanatazamana. Anayecheza marehemu ni msichana mwembamba mwenye sauti ya kutoboa, wenzake wanamwita Sindano.

Leo Sindano kaanza sentensi kwa "sikia wewe". Haimo kwenye karatasi. Chiriku hakuwahi kufungua mdomo bila kusema "sikia wewe". Nikamuuliza kaitoa wapi.

"Imetoka tu, mama. Niiache?"

Profesa akasema aiendeleze.

Machi 27
Sehemu ya tatu imetoka, yote, asubuhi moja, mvua inapiga mabati. Rafiki anamsogelea mlinzi wa kisima na kumwambia: kosa lako nalijua, na nimelisamehe. Ukurasa na nusu. Niliandika huku nalia. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi, nikala vizuri kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze.

Dada yangu mkubwa, ninayekaa naye, kaniambia naendelea vizuri, ila niache kupapasa sakafu kwa vidole vya miguu kabla ya kukanyaga. "Unatembea kama kuku kwenye matope. Hii ni saruji. Haiendi popote."

Aprili 3
Fundi anafanya kazi shimoni wakati sisi tunafanya mazoezi juu. Ameweka mbao za muda tupite. Nyundo ikinyamaza tunajua anasikiliza, au anajaribu. Profesa akamwuliza kama kelele zetu zinamsumbua. Fundi akamwomba arudie. Akarudia. Akamwomba arudie tena, akionyesha sikio la kushoto. "Niwie radhi, bwana, hili lilikufa zamani."

Sindano kila akifika kwenye mbao zile huzizunguka. Hakuna aliyemwambia.

Aprili 10
Leo nilikuwa nakunja karatasi zangu, Fundi akapanda ngazi, akatoa kofia.

"Dada, huyo wa kisima."

"Ndiyo, Fundi."

"Nimemsikia. Nilikwenda kusimama chini kabisa ya mbao, hapo sauti inashuka vizuri. Yule mama anapomwambia nimekusamehe." Akajifuta uso kwa kofia. "Nimeelewa ni mimi. Hukutaja, una adabu, lakini nimeelewa. Miaka yote hii hakuna aliyenitamkia hilo neno. Asante sana, dada. Mungu akulipe."

Nikasema nini? Nikasema, "Karibu." Kama vile kaniomba chumvi nikampa.

Aprili 11
Ukurasa wa Machi 15 ni uongo. Siuchani. Ubaki uonekane.

Sikupiga kisigino. Nilipanda, mlango ukarudi juu, nami nilikuwa na haraka na hasira, nikaenda mbele moja kwa moja. Nilikumbuka nikiwa hatua tano tu kutoka pale. Nikasema moyoni, nitapiga nikirudi. Sikurudi. Nilisikia mlango ukibamiza ukuta wa shimo, na watazamaji walicheka, walidhani ni sehemu ya mchezo.

Kwenye kikao cha uchunguzi tulikaa kwenye viti vya wageni wa heshima. Mwenyekiti akaniuliza swali moja tu: "Ulitoa ishara?" Fundi alikuwa kakaa upande wa pili, kofia mapajani. Aliniangalia bila shaka hata kidogo, kwa sababu hakusikia ishara na alijua nitasema hivyohivyo. Nikasema, "Nilipiga. Mara mbili."

Uso wake sikuwahi kuuandika popote. Haukukasirika. Uliniamini. Akainama, akashika sikio la kushoto, akasema, "Basi sikusikia mimi."

Nilidhani uzee ndio uliomfika masikioni. Ni mimi niliyemfika.

Na juu ya hayo nimekaa mezani nikamsamehe, kwa ukurasa na nusu, nikala nikashiba.

Aprili 12
Mvua.

Aprili 15
Nimemwambia dada. Alikuwa anachambua mchele. Hakusimamisha mikono.

"Nilijua kuna kitu. Tangu ulipoanza kutembea vile."

"Nifanye nini?"

"Ukinyamaza, amekufa mmoja. Ukisema, tutakufa watatu: wewe, mimi, na jina la marehemu baba."

"Na Fundi?"

"Fundi ameshazoea, mdogo wangu. Mtu huzoea."

Nilimpenda dada yangu maisha yangu yote bila kumwogopa. Leo niliogopa, kwa sababu maneno yale si mageni kwangu. Nimejiambia hayohayo miaka kumi na mmoja, kwa sauti nzuri zaidi.

Aprili 19
Nimebadilisha sehemu ya tatu. Sasa mlinzi hana kosa. Rafiki ndiye aliyeacha kisima wazi, naye anasema hivyo mbele ya watu wote.

Profesa alisoma amesimama, akamaliza, akanikumbatia. "Sasa ndiyo mchezo! Watu watatoka humu hawajiwezi!" Akanitabiria safari na tuzo. Sindano aliniuliza, "Mama, umeyapata wapi haya?" Nikajibu kama mwandishi: "Yamekuja tu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu nikilowa. Uongo ule ulinipa miaka kumi na mmoja. Sasa na ukweli nao nataka kuuvaa niende nao shereheni.

Aprili 24
Nimemwambia.

Nilishuka ngazi ya shimo, mara ya kwanza tangu siku ile. Kunanuka gundi na mbao mbichi. Alikuwa kakaa juu ya kreti, anapiga randa. Nikasimama mbele yake aone mdomo wangu.

"Fundi, nina neno."

"Taratibu, dada. Unajua hili sikio."

"Sikio lako zima."

"Eti?"

"Sikio lako zima, Fundi. Siku ile sikupiga kisigino. Hukusikia kwa sababu hapakuwa na cha kusikia. Kwenye kikao nilidanganya."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaniomba tena. Nilirudia mara tatu, na mara zote tatu nilijua kanisikia.

Aliiweka randa chini polepole.

"Unajua nimepimwa masikio mara ngapi? Mara tano. Madaktari watano. Wote wananiambia, mzee, una masikio ya mtoto. Nikasema hawa wanasoma mashine, hawanisomi mimi. Kuna mtu hana sababu ya kunidanganya, alipiga kisigino juu ya kichwa changu, na sikusikia." Alikuwa anaongea bila kupandisha sauti. "Mke wangu akiniita simjibu mpaka nimwone mdomo. Niliachiwa mjukuu nikiwa peke yangu, nikamrudisha kwa mama yake. Nikasema msiniachie mtoto, atalia nisimsikie. Nikaacha mapaa. Nikaacha msumeno wa umeme. Miaka kumi na mmoja naishi kiziwi, dada. Nasikia mpaka mchwa! Nawasikia mchwa ndani ya mbao, halafu najiambia ni mawazo."

"Nisamehe."

"Wewe si ulishanisamehe?"

Hakusema kwa kejeli. Nadhani ilimtoka tu, kama mtu anayekumbuka jambo. Kisha alikusanya vifaa vyake, kimoja kimoja, akafuta randa kwa kitambaa, akapanda ngazi. Nilibaki chini. Nilimsikia juu akivuka jukwaa, akisimama, akivuka tena. Halafu mlango wa nje.

Aprili 29
Fundi haji. Sakafu iko wazi katikati, tumeizungushia kamba. Meneja anaapiza. Sindano anafanyia mazoezi kwenye korido.

Mei 3
Alikuja nyumbani na mkewe, saa nne asubuhi, mvua imepumzika. Dada aliwapa viti akaingia ndani, akajifanya anafua.

Mke alisema, "Mimi sina la kusema. Nimekuja kuuona uso tu." Akauona. Nilikaa, nikaacha uonwe.

Fundi alikuwa na mambo mawili. "La kwanza, mama yake Chiriku. Kila mwaka, tarehe ile, nakwenda kumwomba radhi. Hanifungulii. Nazungumza na mlango wake, namaliza, naondoka. Mwaka huu utakwenda nami, na utaanza wewe."

"Nitakwenda."

"La pili, mchezo wako. Ile sehemu mpya nimeisikia kabla hujashuka kuniambia, nikadhani umeamua tu kumwonea huruma mlinzi. Ni nzuri. Ndiyo maana siitaki. Watu watasimama, watakushangilia, watasema tazama alivyo jasiri. Mimi walinitoa kwa mlango wa nyuma, na kofia yangu wakanirushia. Si yako hiyo hadithi, dada. Usiigawe."

Nikamwambia haitachezwa.

"Iandike mahali pengine, sawa. Lakini iwe fupi, na iwe na jina lako."

Wakati wanatoka mke wake alimwita kwa nyuma, jina lake la utotoni, kwa sauti ya chini tu. Aligeuka. Nikaona mwanamke yule amefunika mdomo kwa kiganja.

Mei 6
Leo ndiyo tarehe ile. Mama yake Chiriku ni mshonaji wa sare za shule. Kafungua nusu ya dirisha. "Nilishakwambia usije hapa."

Fundi akanisogeza mbele.

Nimesimama mbele ya kumbi zilizojaa, nimesema maneno ya malkia. Leo sauti haikutoka, ikabidi nikohoe kwanza. "Mama, siyo yeye. Ni mimi. Nilipaswa kutoa ishara, sikutoa, halafu nikadanganya."

Alifungua mlango. Alikuwa na futi ya kupimia shingoni na chaki mkononi. Alinisikiliza amesimama, hadi mwisho, bila kuniuliza chochote. Kisha akaondoa rundo la sketi za bluu juu ya kiti, akapangusa kiti kwa mkono.

"Karibu ukae, baba," akamwambia Fundi. "Nimekuweka nje siku nyingi."

Kwangu akasema, "Wewe nenda."

Nilikwenda mpaka barabarani, nikangoja chini ya kibaraza cha duka. Fundi alitoka baada ya saa nzima, macho mekundu. Tulitembea, yeye mbele, mimi nyuma, mpaka njia zetu zilipoachana.

Mei 10
Nimebandika tangazo kwenye ubao wa ukumbi, pale tunapobandika ratiba. Mistari minne, jina langu chini. Sijawahi kuandika kitu kifupi namna ile, na sijawahi kuona watu wakisoma taratibu vile. Meneja aliniomba nilitoe. Nikamwambia atoe yeye. Hakulitoa. Kamwandikia Fundi barua ya kumwomba radhi, na Fundi amerudi kazini na msumeno wa umeme.

Profesa hasemi nami. Wataonyesha mchezo wangu wa ngazi. Sindano alinifuata uani. "Yale maneno yote nimeyashika, mama. Sasa niyapeleke wapi?" Yeye hakustahili kuyapoteza.

Dada kaniuliza kama sasa nimefurahi. Hapana. Ila jana nilivuka sebule nikafika jikoni, ndipo nikagundua sikupapasa.

Mei 17
Majirani wawili wameacha kunisalimu. Mmoja ameanza.

Mei 25
Jana ukumbi ulifunguliwa. Sikwenda, hata dirishani.

Mvua imekatika. Asubuhi Fundi alipita, hakuketi. "Yule mama anakuita. Peke yako. Kasema usije na karatasi."

Nilimkuta anashona. Alinionyesha kigoda karibu na mashine, akamaliza pindo la sketi, akakata uzi kwa meno.

"Fundi amenieleza ya chini," akasema. "Ya juu unayajua wewe. Kwa nini ulikuwa na haraka?"

Hilo hakuna aliyewahi kuniuliza. Hata mimi sijajiuliza humu.

"Makofi, mama."

"Makofi gani?"

"Kabla yangu alikuwa ametoka yeye jukwaani. Watu walikuwa bado wanampigia makofi, hawakomi. Mimi napanda ngazi nayasikia. Nilitaka nifike mbele haraka yakome. Sikutaka kungoja hata visigino viwili."

Mashine ilikuwa imesimama. Alitazama mikono yake, kisha nje, ambako jua lilikuwa linakausha ua.

"Mimi sikuwahi kwenda kumwona," akasema. "Hata siku moja. Nilimwambia kazi ile ni ya wahuni, na mpaka anakufa sikwenda." Nilidhani ataniambia niondoke. "Yalikuwa mengi?"

"Mengi sana, mama. Kuliko yangu."

Alivuta kiti chake kikakabiliana na kigoda changu, magoti yetu yakakaribia kugusana. Akavua futi shingoni, akaiweka juu ya mashine.

"Haya," akasema. "Alitoka upande gani? Alikuwa amevaa nini?"